Mwalimu Déogratias Wilondja na Kura ya Mama Clara

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu, ndugu mliotoka Hamilton, Ottawa na ng'ambo ya mpaka, majirani wa jengo letu la Malvern, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, kwa niaba ya ukoo wa Wilondja ninawasalimu na kuwashukuru kwa kuja katika baridi hii. Mimi ni Patrick, mtoto wa mdogo wake marehemu, niliyemwita Baba Mkubwa tangu nilipojua kusema, na nimewekwa kusoma maisha yake kwa sababu watoto wake wamesema sauti zao hazitafika mwisho. Niseme mapema kwamba historia hii iliandikwa mara mbili. Ya kwanza tuliiandika sisi wanaume, tukairuka miaka mitatu ya mwisho, tukasema watu wanakuja kulia, hawaji kusikiliza aibu yetu, lakini Mama Pulchérie, mjane, alipoisikia aliturudishia akasema, "Huyu mliyemwandika simjui, niandikieni yule niliyeishi naye," kwa hiyo mtakayoyasikia ni ya pili, na mtuvumilie.

Marehemu Déogratias Wilondja alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa Mzee Wilondja Echa, mkulima wa muhogo, na Mama Mwavita, mfinyanzi wa vyungu. Alisoma shule ya msingi ya misheni pale Baraka, akaendelea Uvira katika chuo cha walimu, akapata diploma yake Julai 1977, na Septemba ya mwaka huohuo akaanza kufundisha Mboko, ambako wanafunzi wake walimpenda kwa mwandiko wake mzuri ubaoni, na walimwogopa kwa sababu hakuwahi kusahau jina la mtu wala kosa lake la hesabu.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa takatifu na Mama Pulchérie, ambaye mnamwona hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Destin aliyezaliwa 1984, Joyeuse aliyezaliwa 1988, na Nicole aliyezaliwa 1994, ambaye alitutangulia akiwa mdogo.

Liko jambo moja la miaka ile ambalo lazima mlijue, maana bila hilo mambo ya baadaye hayaeleweki. Mwaka 1990 shamba la baba yake lilinyang'anywa na mfanyabiashara mmoja, kesi ikapelekwa mjini, na Baba Mkubwa, akiwa amevaa koti lake la harusi, alisimama nje ya mahakama kutwa nzima akingoja kuitwa, hadi jioni karani alipotoka na kumwambia kwamba hukumu ilikwisha kutolewa asubuhi. Tangu siku ile neno jaji kwake lilikuwa kama mvua ya mawe, kitu kinachoshuka kutoka juu na mkulima hana la kufanya.

Vita vilipofika Oktoba 1996 alivuka ziwa pamoja na familia yake hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, ambako Nicole alifariki kwa malaria mwaka uliofuata, na ambako marehemu alifundisha chini ya turubai, kisha katika madarasa ya matofali, hadi Novemba 2008, familia ilipopelekwa Marekani, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Huko alifanya kazi katika kiwanda cha samani, akisugua miguu ya meza, akawa mzee wa kanisa, na mwaka 2014 yeye na mkewe wakaapishwa kuwa raia.

Wakati akijiandaa kwa mtihani wa uraia ndipo alipogundua kwamba katika jimbo lile majaji huchaguliwa na wananchi, na Mama Pulchérie anasema siku ile alirudi nyumbani bila kuvua viatu, akasimama katikati ya sebule akasema, "Mama Destin, hapa jaji anaomba kura! Jaji, anaomba!" Alipopiga kura yake ya kwanza, Novemba 2014, alivaa suti na tai, na akatembea kwa miguu akapita mbele ya jirani mmoja baada ya mwingine ili wamwone.

Alikuwa mhafidhina, wala hakuona haya kulisema neno hilo. Aliamini mtoto aliye tumboni ni mtu, aliamini mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto, na aliamini kazi ya jaji ni kuisoma sheria kama ilivyoandikwa, si kuiongezea mkia, na wengine wetu humu ndani, mimi na Joyeuse tukiwemo, tulibishana naye mezani hadi ugali ukapoa, bila yeye kutuvunjia heshima wala sisi kumvunjia yake. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akasema kwamba familia inamwonea haya kwa imani yake, la, haya yetu iko mahali pengine, na nitafika.

Joyeuse alikuwa ameolewa hapa Toronto, na mwaka 2018 aliwaleta wazazi wake huku Kanada kuishi naye Malvern, ambako marehemu alilea wajukuu waliomwelewa vizuri kwa Kiswahili wakamjibu kwa Kiingereza, akafundisha darasa la Kiswahili la Jumamosi katika kanisa letu hapa Agincourt, na akajifunza kuendesha gari la mkwewe kwa woga mkubwa hadi Markham na kurudi. Lakini moyo wake ulibaki Michigan wakati wa uchaguzi. Mwaka 2022 karatasi ya kura iliyomfikia kwa posta, kwa kuwa alikwisha kuhama moja kwa moja, ilikuwa na wabunge wa taifa tu, majaji wa jimbo hawakuwemo, naye alikaa nayo mezani akiigeuzageuza kama mtu aliyewekewa sahani bila chakula, kisha akasema, "Basi kama mimi sina, nitawaamsha walio nayo."

Wanaume wa kanisa lake la zamani, waliokuwa wakiwaunga mkono wagombea wahafidhina wa ujaji, walimpa majina ya watu wetu wa Grand Rapids wazungumzao Kiswahili, na kuanzia Septemba alikaa dirishani jikoni, simu mezani ikiwa na sauti wazi kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, akawapigia mmoja mmoja. Aliwaeleza kwa subira ya mwalimu kwamba mtu akiweka alama ya chama pale juu hudhani amemaliza, kumbe majaji hawamo katika alama ile, wana sehemu yao ya pekee upande wa nyuma, na kwamba watu wa imani yao walikuwa wakishindwa uchaguzi wa majaji si kwa uchache wao bali kwa uvivu wa kugeuza karatasi. "Geuza karatasi, ndugu yangu," alisema, "majaji wako mgongoni," na wajukuu, wasioongea Kiswahili, walilijua neno hilo, wakaliimba wakipiga mswaki.

Miongoni mwa aliowapigia alikuwa Mama Clara, ambaye jina lake ninalisema kwa ruhusa yake mwenyewe. Ni mjane, mzaliwa wa Fizi kama sisi, aliyefika Grand Rapids mwaka 2016 na watoto wake, anayesafisha vyumba katika hoteli, na wakubwa kati ya watoto hao marehemu ndiye aliyewafundisha kusoma kule Nyarugusu, kwa hiyo nyumbani kwake Mwalimu akisema, imesemwa. Siku ya uchaguzi, Jumanne tarehe 8 Novemba 2022, marehemu alimpigia asubuhi, akampigia mchana, na jioni alipompata ametoka kazini, Mama Clara alimwambia, "Mwalimu, mimi bado sijapata karatasi."

Ninyi nyote mlio humu mnajua mtu wetu akisema hajapata karatasi anasema nini. Anasema hajapata uraia, anasema yuko nchini kwa ruhusa lakini si raia, ni neno tulilolisema sote kwa miaka, kambini na huku. Lakini marehemu, ambaye tangu asubuhi kinywani mwake mlikuwa na karatasi moja tu, ile ya kupigia kura, alimjibu, "Karatasi utapewa pale pale, Mama Clara, wewe nenda, Destin anakuja kukuchukua na gari."

Destin, ambaye alibaki Grand Rapids wazazi walipohama, alimchukua, akidhani baba yake amekwisha kumuuliza, na baba yake hakumuuliza. Kwenye ofisi ya mji Mama Clara alipewa fomu ya kujiandikisha, ya Kiingereza, akatia sahihi pale alipoonyeshwa, na pale palikuwa pameandikwa kwamba anaapa kuwa ni raia, kisha akapewa kura, akaigeuza kama alivyofundishwa, akatoka na kibandiko cha waliopiga kura kwenye koti lake na kumtumia Mwalimu picha, na picha ile Baba Mkubwa alituonyesha sote kwa furaha. Nani alishinda kiti kile cha ujaji, hapa si mahali pa kusema, na marehemu mwenyewe miaka yake ya mwisho akiulizwa alisema hakumbuki, ingawa tulijua anakumbuka.

Septemba 2024 Mama Clara aliitwa kwenye mahojiano ya uraia, akaulizwa kama amewahi kupiga kura katika nchi ile, na akajibu kwa moyo mweupe, maana alidhani ni sifa njema, "Ndiyo, nimepiga." Ombi lake lilikataliwa, na kabla ya Krismasi akapata wito wa kufika mahakama ya uhamiaji, Detroit, kujibu kwa nini asiondolewe nchini, yeye ambaye watoto wake wawili wa mwisho bado wako shule.

Destin alipompigia baba yake mwanzoni mwa Oktoba, kabla hata ya wito ule, kumpa habari ya kukataliwa kwa ombi, marehemu hakuipokea vizuri, na Mama Pulchérie ameagiza tuliseme hili bila kulipaka sukari. Kwa majuma mawili alisema, "Mimi sikumwambia aseme uongo, mtu mzima huijua hali yake," alisema fomu ni kosa la ofisi, alisema lugha ni kosa la Destin kutoingia naye ndani, hadi jioni moja mkewe aliposimama mbele yake na kitambaa cha jikoni mkononi akamwambia, "Baba Destin, nilikuwa hapa hapa nakaanga samaki, simu ilikuwa na sauti wazi. Alikuambia. Ulimuuliza kama amekula, ukamuuliza kama ana lifti, na alipokuambia kwamba hana karatasi ukamjibu kama mtu anayefukuza inzi. Na mimi nilisikia, nikanyamaza, kwa hiyo usidhani ninakusema wewe peke yako." Marehemu akaenda kuketi kitandani na viatu vyake, na Joyeuse anasema tangu jioni ile baba yake hakuwa tena mtu yule.

Mlimwona wenyewe. Aliacha darasa la Jumamosi, akahamia benchi la mwisho kanisani, na mtu akimwita Mwalimu aliangalia sakafu. Wenzake wa Michigan walipompigia kwa uchaguzi wa Novemba 2024 hakushika simu, na wapo waliosema amebadili imani yake, na wapo waliosema, hata humu, kwamba mzee amewauza watu.

Februari 2025, katika theluji, alimwomba Joyeuse ampeleke Grand Rapids, wakavuka mpaka pale Sarnia, na Jumapili tarehe 16 alisimama katika kanisa lake la zamani baada ya matangazo, bila kuitwa, akasema kwamba Mama Clara hakudanganya mtu, kwamba ni yeye, Déogratias, aliyemsukuma, na kwamba alimsukuma kwa haraka ya kupata kura moja zaidi. Mzee mmoja alimvuta koti ili aketi, kwa kumwonea huruma, yeye akaendelea, akasema maneno ambayo Joyeuse aliyashika, "Mimi bado ninaamini niliyoyaamini, na mwenye haki ya kumchagua jaji aende amchague, asikae nyumbani. Lakini asiye na haki hiyo akae nyumbani bila kuona haya, na anayepiga simu amuulize mtu yeye ni nani kabla ya kumhimiza. Mimi nilizihesabu kura, watu sikuwauliza." Mama Clara alikuwa amekaa safu ya tatu, hakugeuka kumtazama, na ibada ilipokwisha aliwachukua watoto wake akaondoka bila kumsalimu, na njia yote ya kurudi Toronto marehemu hakula kitu.

Marehemu alipojitolea kuwa shahidi, wakili wa Mama Clara alimwonya kwamba raia aliyemhimiza asiye raia kupiga kura anaweza kujitafutia kesi yake mwenyewe, na sisi wa ukoo, nakiri, tulimsihi asiende mbele zaidi, tukamwambia umri wake umekwenda, tukamwambia atatuletea aibu, na yeye akatuambia kwamba aibu imekwisha kufika, kilichobaki ni kuifungulia mlango. Tarehe 10 Juni 2025 alitoa ushahidi Detroit. Mkalimani, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alilitafsiri neno karatasi kama karatasi ya kuandikia, na chumba kizima hakikuelewa, basi marehemu akaomba ruhusa, akamweleza jaji taratibu kwamba kwa watu wa kwao neno hilo lina maana mbili, na kwamba Mama Clara alisema ile moja na yeye akajibu ile nyingine. Jaji akamuuliza kama kweli wakati ule hakuielewa ile maana ya kwanza, yeye aliyeisema miaka yote ya kambi. Hapo angeweza kusema ndiyo, sikuielewa, na ingemsaidia. Yeye akasema, "Nilisikia nilichotaka kusikia."

Nje ya mahakama alimwambia Joyeuse kwamba amezunguka miaka yote hiyo akishangilia majaji wa kupigiwa kura, na huyu atakayeamua maisha ya Mama Clara ameteuliwa tu, hakuna hata mmoja aliyempigia kura, na kwamba yeye amerudi pale pale nje ya mlango wa mahakama ya ujana wake, ila safari hii aliyemleta mwenzake mlangoni ni yeye. Alikuwa ameegemea ukuta, hajavua kofia, Mama Clara alipomjia kwa mara ya kwanza tangu mwaka ulipoanza, akamtazama kwa muda, akamuuliza, "Mwalimu, umekula?" akafungua mfuko wake na kumpa nusu ya mkate wake, na wakala wamesimama. Kesi iliahirishwa, na itasikilizwa tena Aprili mwaka huu.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Agosti 2025 kwa maumivu ya tumbo na kukosa hamu ya chakula, akapelekwa hospitali hapa Scarborough, na vipimo vya Septemba vikaonyesha saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo mwezi wa kumi, akaweza kuketi na wajukuu kwenye kochi na kuwasahihishia Kiswahili chao, kisha hali ikarudi nyuma. Kila Jumapili baada ya ibada Mama Clara alimpigia, wakizungumza habari za Fizi, za mvua na za watu waliokufa zamani, hadi Jumapili moja ya Desemba marehemu alipomwomba msamaha waziwazi, na sisi tuliokuwa chumbani tulisikia jibu lake, kwa sababu simu ile haikuwahi kuzimwa sauti. Alisema, "Mwalimu, kukusamehe nimekusamehe. Lakini usiniambie kwamba imekwisha, maana mimi bado ninaamka usiku nikiwatazama watoto wamelala." Naye akajibu, "Ndiyo, Mama Clara. Haijakwisha." Tulitaka kuingilia, tumtetee mgonjwa wetu, naye akatuzuia kwa mkono.

Alifariki Jumapili tarehe 11 Januari 2026, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu na Joyeuse akimsomea zaburi. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomhudumia bila kumfanya ajione mzigo, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyejifunza kusema "umeamkaje, Babu", tunawashukuru majirani wa jengo letu waliotuletea chakula kila siku tangu msiba ulipoanza, wafanyakazi wenzake Joyeuse katika nyumba ya wazee waliomshikia zamu zake, walimu wa darasa la Jumamosi waliolibeba darasa baada ya yeye kuliacha, kwaya, wachungaji, na wenzake wa kiwanda na wa kanisa lake la zamani waliosafiri kutoka Michigan, wakiwemo wale waliokuwa wamemkasirikia, ambao wamekuja hata hivyo. Tunamshukuru Mama Clara, ambaye hayupo hapa, kwa maana akivuka mpaka huenda asiruhusiwe kurudi kwa watoto wake, lakini anatusikia kupitia simu iliyo mkononi mwa Destin. Mama Clara, sisi tulioiandika historia ya kwanza tulikuruka, tukakuficha ili marehemu wetu aonekane msafi, na mbele ya jeneza lake tunakuomba radhi kwa hilo. Mwezi wa nne Destin, Joyeuse na mimi tutakuwa Detroit pamoja nawe, na Mama Pulchérie ameomba kusimama kizimbani aseme aliyoyasikia akiwa jikoni.

Baba Mkubwa, hatukuambii utulie kwa kuwa mambo yamekwisha, ulikataa mwenyewe kusema hivyo. Umefika mwisho wa zamu yako, iliyobaki ni yetu. Pumzika kwa amani.